Mla Samaki wa Gikondo

Kwa miaka kumi na sita nimefundisha jiografia katika shule za Kigali, na kwa miaka hiyo yote nimechora Ziwa Muhazi ubaoni mbele ya watoto ambao hawajawahi kuliona. Ni mwendo wa saa moja na kidogo kwa gari. Mgeni aliyeshuka uwanja wa ndege wa Kanombe Ijumaa jioni, Jumamosi mchana alikuwa ameshaogelea humo, amepiga makasia, ameshiba na kuandika kadi ya posta. Mwenyeji alizaliwa mtaani kwetu Gikondo, akazeeka Gikondo, akazikwa bila kuyagusa maji hayo, na hakuna aliyeona kwamba hilo ni jambo la kuulizwa. Mimi ninauliza. Lakini kabla yangu aliuliza mwanamke mwingine, asiye na shahada yoyote, akiwa na kisu cha kuparia magamba mkononi.

Jina lake ni Pudentienne Kaze, jirani yangu. Alizaliwa Buyenzi, mjini Bujumbura, karibu sana na Ziwa Tanganyika, hata mama yake alikuwa akiwasha moto kwanza ndipo amtume ufukweni kununua samaki. Aliolewa na Jean-Paul, fundi magari wa hapa Gikondo, akaja kwetu na sanduku la nguo na mfuko wa ndagaa wakavu. Mfuko huo ndio uliomtia hatiani. Msomaji wa pwani atashangaa, basi na nieleze: kwa wazee wengi wa kwetu, samaki si chakula cha mtu mwenye heshima zake. Vijana wa mjini wanamla, Waislamu wa mtaa wa Biryogo wamemla tangu zamani, lakini wako wazee ambao hadi leo hawatatia mdomo kwenye mrija wa pombe ulioguswa na mdomo uliokula samaki. Jirani mmoja alimlalamikia Pudentienne kwamba harufu ya jiko lake itawakausha ng'ombe maziwa. Jirani huyo hakuwa na ng'ombe. Alikuwa na baiskeli.

Mwaka 1985 Pudentienne alipata kazi ya upishi katika nyumba ya wageni iliyokuwa ukingoni mwa Muhazi. Mwenyewe alikuwa Cyriaque Karangwa, mfanyabiashara mwenye ofisi mjini Kigali, Msabato wa kutajika, aliyeuza bia kwa kreti bila yeye mwenyewe kuigusa hata kwa ulimi. Kila Jumapili na kila sikukuu, Pudentienne alipanda taksi alfajiri na vikolezo vyake, akarudi jioni. Samaki wake, aliyebanikwa mzima juu ya makaa kwa ndimu na pilipili, alijulikana katika kila ubalozi. Wageni walimwita kutoka jikoni aje apigwe picha pamoja nao. Wenyeji hawakuwapo, bei na mazoea viliwaambia kwamba ziwa lina wenyewe.

Oktoba 1990 vita vikaanza kaskazini. Wageni wakapanda ndege. Vizuizi vikawekwa barabarani, na mtu hakuruhusiwa kutoka katika wilaya yake bila kibali cha njia kilichotiwa sahihi na konseye, yaani diwani wa sekta. Mitumbwi ya Karangwa ikafungwa kwenye nguzo, ikaota ukungu. Alipokaa miezi minane bila mteja, Bwana Karangwa aligundua jambo ambalo lilikuwa mbele ya macho yake siku zote: Kigali ina watu. Akapunguza bei, akatangaza safari za ziwani kwa makarani, wafanyabiashara, na familia zenye sherehe. Kisha akamwita Pudentienne ofisini.

"Wateja wapya ni watu wetu," alimwambia. "Utapika mbuzi na ndizi. Samaki basi. Na usitoke jikoni. Wakijua kwamba mla samaki ndiye anayewapikia, wataondoka."

"Patroni, miaka sita umejenga nyumba kwa samaki wangu."

"Nyumba imeshajengwa."

Maneno hayo alinisimulia jioni ile ile, akiwa ameketi kizingitini kwangu. Nilikasirika kuliko yeye. Nilimwambia aache kazi. Alinitazama kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi aliyejibu haraka.

"Nikiacha, atasema mla samaki alijiondoa mwenyewe kwa aibu," alisema. "Mimi nitatoka mle jikoni kwa mlango wa mbele."

Sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, Agosti 1991, nilikuwa miongoni mwa wateja wapya. Mwalimu mwenzangu kutoka Rebero aliwaleta ndugu zake thelathini kumsherehekea bibi yao, Illuminée, aliyetimiza miaka themanini, nami nikaalikwa. Bibi huyo hakuwa ameona ziwa lolote maishani mwake. Alipoliona Muhazi likijikunja baina ya vilima, jembamba na refu, kijani ya migomba imelala juu ya maji, alisimama akashika kiuno.

"Yote haya yalikuwa hapa?" aliuliza. "Nilipokuwa napanda kilima na mtungi kichwani, yote haya yalikuwa hapa?"

Tuliketi barazani. Nilichagua kiti karibu na dirisha la jikoni, na Pudentienne alinipungia kijiko. Mbuzi akaletwa na wahudumu, tukala. Kisha ukaletwa mtungi mkubwa wa pombe ya mtama wenye mirija mirefu, ukawekwa katikati, na hapo ndipo Bwana Karangwa alipofikwa na jambo ambalo hakuwahi kulikuta kwa Wazungu. Mzungu hufunguliwa chupa, akanywa. Kwetu mtungi haunywewi mpaka aliyeuleta aonje kwanza mbele ya watu wote, ili kila moyo utulie kwamba hamna sumu. Na mwaka ule, mwaka wa vita na minong'ono, hakuna moyo uliokuwa umetulia.

Karangwa alisugua viganja. "Karibuni, wazee wangu, karibuni."

Hakuna aliyesogea.

"Onja, mwenye nyumba," alisema Bibi Illuminée.

"Mimi, mama, ni Msabato. Kinywaji hiki sikigusi."

"Unatupa kitu ambacho wewe mwenyewe hukigusi?"

Watu walicheka, lakini kicheko kilikuwa kifupi. Karangwa akamsukuma mhudumu mmoja mbele. Bibi akainua mkono.

"Huyo kijana ameubeba tu. Nani aliyeipika pombe hii?"

Mhudumu alijibu kabla ya kufikiri: "Ni mama wa jikoni."

"Basi mama wa jikoni na aje."

Nilimsikia Karangwa akiingia jikoni, na kwa kuwa dirisha halikuwa na kioo, sikulazimika kutega sikio.

"Mama Ishimwe," alisema. Alipoamuru alimwita Pudentienne; aliposihi ndipo alipomkumbuka mtoto wake. "Mama Ishimwe, njoo uonje, dakika moja tu, halafu urudi."

"Mimi? Mla samaki? Nitawachafulia mrija, Patroni."

"Nani atajua? Futa mdomo."

"Futa wewe."

"Wanaondoka! Watu thelathini wanaondoka!"

"Nitakuja. Nitakuja na samaki wangu kwenye sahani, na nitamla mbele yao, halafu ndipo nitaonja pombe yangu. Watakaokunywa watakunywa wakijua. Hutaki, nenda ukaonje mwenyewe. Mungu ni mwenye huruma."

Kisha nikasikia sahani ikishushwa rafuni.

Alitoka kwa mlango wa mbele, amevaa kitenge chake cha kanisani badala ya aproni. Bila shaka alikuja nacho makusudi. Aliweka sahani juu ya meza ya bibi. Alikuwa samaki mmoja wa Muhazi, ngozi yake imeiva rangi ya shaba, kichwa na mkia vikiwa mahali pake.

"Ninaitwa Pudentienne," alisema. "Mbuzi mliyemla nimempika mimi. Pombe hii nimeipika mimi. Na huyu ndiye chakula changu. Sitawaficha."

Akamega, akala, taratibu, akitoa miiba kwa vidole. Mjomba mmoja mnene alisukuma kiti nyuma kwa kishindo. "Eh! Tumelishwa na mla samaki!"

"Na ulirudia mara ngapi, mjomba?" mpwa wake wa kike alimuuliza. "Mimi nilihesabu sahani nne."

Pudentienne alinawa, akainama, akavuta pombe kwa mrija, akameza, akajifuta, akasimama kando. Mrija ule ukabaki ukitikisika mdomoni mwa mtungi. Wote tulimtazama bibi.

"Binti yangu," alisema, "kwenu wapi?"

"Bujumbura, bibi. Sasa ni Gikondo."

"Mama yako alikula vitu hivi?"

"Alikula hadi akafikisha miaka tisini."

"Tisini." Bibi alilipima neno hilo, akaligeuza. "Mimi sitakula hicho kiumbe chako, kinanitazama. Lakini sijaona leo mtu mwingine aliyesimama mbele yangu akasema kitu bila kukizungusha. Nipeni mrija."

"Upi, bibi?"

"Huo huo."

Akanywa. Sitadai kwamba wote walimfuata. Kumi na wawili walikunywa. Mjomba na wenziwe waliagiza bia za chupa na kukaa wakiwa wamenuna upande wa pili wa baraza. Watoto wawili walimmaliza samaki wakati wakubwa wakibishana. Jioni, kabla hatujapanda basi, Karangwa alimwachisha Pudentienne kazi.

Wiki mbili baadaye alikuja Gikondo mwenyewe. Nilikuwapo, kwa kuwa mpishi aliyeachishwa kazi alikuwa amenipa kazi: kuandika orodha ya majina. Karangwa aliruka madimbwi ya oili ya gereji ya Jean-Paul, akasimama mbele yetu na viatu vyake vyeupe.

"Mama Ishimwe, watu wanakuulizia. Mpishi mpya anaunguza ndizi. Rudi. Nitakuongeza mshahara."

"Na samaki?"

"Utapika samaki. Kwa wageni maalumu, kule nyuma. Sahani zifunikwe."

"Hapana."

"Una kiburi kama mke wa waziri!"

"Patroni, mke wa waziri anakula samaki wa kopo gizani. Mimi nakula mchana."

Jean-Paul alicheka kutoka chini ya gari. Karangwa aliona karatasi yangu. "Mwalimu, hiyo ni nini?"

"Ni orodha ya wasafiri," nilimjibu. "Wanawake kumi na wanne wa sekta hii, nami nimo. Jumapili tunakwenda Muhazi kutalii."

"Kutalii! Wakati huu wa vita?"

Swali hilo nimeulizwa pia na watu wenye elimu, tena kwa sauti ya kunisuta. Jibu langu halijabadilika. Wakati wa amani tuliambiwa ziwa ni la wenye fedha. Wakati wa vita tunaambiwa si saa yake. Ningependa kuonyeshwa kwenye kalenda ni siku ipi inayotufaa.

Vibali vilichukua siku tatu. Konseye alifika mahali pa kuandika sababu ya safari, akauliza kama kuna msiba. Hapana. Harusi? Hapana. Mgonjwa? Pudentienne alimwambia, "Andika: kuangalia maji." Akaandika. Kwenye kizuizi cha kwanza askari alituteremsha wote, akasoma maneno hayo mara kumi na nne, akatutazama mmoja mmoja.

"Kwenu hakuna bomba?"

"Liko, afande," alisema Pudentienne. "Lakini bomba halina ng'ambo ya kutazama."

Askari aliyaangalia tena makaratasi kwa muda ambao sikuupenda. Kisha akaturudishia.

Tulishuka mahali ambapo barabara inaukaribia ukingo, hatua mia mbili kutoka kwenye baraza la Karangwa, katika ardhi isiyo ya mtu. Wanawake ambao kwa miaka niliwaona wameinama tu, juu ya ndoo, juu ya jembe, juu ya mtoto, walisimama wima wakitazama mbali. Mmoja alivua viatu, akaingia hadi magotini, akapiga kelele ya baridi. Wengine wakafuata, sketi zimekunjwa mikononi. Pudentienne alinunua samaki kutoka mtumbwini, akapanga mawe matatu, akawasha moto. Si wote waliokula. Hakumlazimisha mtu, waliosita walikuwa na viazi.

Moshi ulipofika barazani, Karangwa akateremka.

"Unanifukuzia wateja! Wamekuja kuona ziwa, si kunusa jiko lako. Hapa ni mbele ya hoteli yangu."

Pudentienne aliendelea kupara magamba. "Mbele ya hoteli yako ni wapi, Patroni? Nionyeshe mwisho wake, nihamie pale."

Karangwa alinyoosha mkono, na mkono ukabaki hewani, kwa sababu mbele ya hoteli yake palikuwa na maji, na ng'ambo ya maji vilima, na baada ya vilima mbingu.

"Nitampigia simu bugumesta," alisema, yaani mkuu wa wilaya.

"Mpigie. Mwambie wako wanawake kumi na wanne wenye vibali, wanaangalia maji. Na akipenda kuja, aje kabla ya saa saba, maana samaki ni wanane tu."

Alipanda kurudi kwake. Bugumesta hakuja. Waliokuja walikuwa wateja watatu wa barazani, mume na mke na shangazi yao, wakishuka kwa tahadhari kwenye nyasi, na shangazi akauliza kwa sauti ya chini kama sahani zetu zina mifuniko.

"Hazina," Pudentienne alimjibu. "Keti upande huu, dada, moshi usikuingie machoni."