Valvu ya Bursi

Baba alikuwa na sharti moja kuhusu masomo yangu ya chuo kikuu: nirudi nyumbani kwa busi ya wanafunzi, kabla ya sala ya magharibi. Kama hapana, nibaki nyumbani nimsaidie kushona. Alikuwa fundi cherehani kule mtaa wa Makomeno, mtu wa ukoo wa Maniema, mpole wa kuweza kumwomba radhi mteja aliyempunja. Lakini njia ya miguu kutoka chuoni ilipita kwenye majani marefu walimojificha wahuni, na kwa majani marefu Baba hakuwa na upole wowote.

Kwa hiyo busi ilipoacha kuja, kilichosimama si busi tu. Siku za kwanza Baba alifunga cherehani mapema akaja kunichukua kwa baiskeli. Mimi, msomi wa historia, nilikaa kwenye keria miguu ikining'inia, na vijana wa chuo wakinipungia mkono kama mgeni wa serikali. Wateja wakaanza kulalamika kwamba wanakuta mlango umefungwa. Baba akasema atavumilia mpaka mwisho wa mwezi. Baada ya hapo, akasema, tutaona. Nyumbani kwetu "tutaona" ilikuwa na maana moja, na haikuwa nzuri kwangu.

Jambo lililonikera zaidi ni hili: kila tulipopokea bursi, ile pesa ambayo serikali ilitupa ya kusomea, kipande kilikuwa kinakatwa kwa ajili ya busi. Busi ilikuwa imeacha kuja. Makato hayakuwa yameacha.

Nikaenda biro ya bursi, ofisi iliyogawa pesa hiyo. Mkuu wake alikuwa mtu mnene, mwenye adabu, ndani ya abakosti, ile suti bila tai ya watu wa serikali, iliyomkaa vizuri. Wakati ule sote tulikuwa masitwayen, yaani raia sawa kwa sawa, hata yule aliyekalia kiti na yule aliyesimama mbele yake.

"Sitwayen," nikamwambia, "naomba kujua makato ya busi yanafanya kazi gani."

"Inafanya kazi ya busi."

"Busi haiji, sitwayen."

"Njo maana inahitaji franga." Kwetu njo ni ndiyo, na franga ni pesa yoyote.

Nikauliza habari hiyo imeandikwa wapi. Akafurahi, kama mtu aliyeulizwa swali alilolisoma usiku. "Yote iko ku valvu," akasema.

Chuoni kwetu valvu ni ubao wa matangazo, ule wenye kioo na kufuli, unakobandikwa majina ya waliofaulu na waliofeli. Neno hilo tulilirithi kutoka kwa Kifaransa cha Wabelgiji, pamoja na kufuli. Nikaenda kwenye valvu. Nilikuta picha ya Kiongozi, ratiba ya mitihani iliyokwisha kupita, na kikaratasi kilichopigwa taipu vizuri: kwa habari zote za bursi, ulizeni biro ya bursi.

Nikarudi.

"Umesoma?" mkuu akauliza.

"Nimesoma. Valvu inanituma kwako."

"Na umefika," akasema, kwa moyo mweupe kabisa.

Jioni ile, juu ya baiskeli, nikamsimulia Baba nikiongea na mgongo wake. Nikamwambia mambo yote ya franga ya busi yako ku valvu, lakini valvu imefungwa, na sijui mwenye ufunguo.

"Nani anaifungaka?" Baba akauliza.

"Labda mkuu wa biro."

Akakanyaga pedali. Nilidhani tumeelewana. Nilisahau kwamba nusu ya wanaume wa barabara yetu walifanya kazi kwenye kiwanda cha shaba, na kwa watu wa mtaa wetu valvu ni kitu kimoja tu: lile gurudumu la chuma juu ya bomba, unalolizungusha maji yakapita au yakakatika.

Jumamosi mkuu wa biro akaja dukani kujaribu abakosti mpya. Si ajabu, Baba alishonea maofisa wengi wa mji. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, napiga pasi suruali ya mtu mwingine.

"Nyoosha mikono, sitwayen," Baba akasema, pini zikiwa kati ya midomo yake. "Vile. Ile valvu ya bursi, weye njo unaifungaka?"

Mkuu alikuwa amenyoosha mikono, pini zimempanda kutoka kiunoni mpaka kwapani. Katika hali hiyo mtu haondoki.

"Nani anasema vile, Baba Fundi?"

"Bantu banasema. Franga inaingia upande huu, upande ule haitoke. Kama ni bomba, njo valvu. Geuka kidogo."

"Miye sifunge kintu. Miye napokeaka amri tu."

"Sasa inaendaka wapi?"

Nilitaka kutoka nimweleze Baba kosa lake. Nikakumbuka kwamba dukani mle mkuu hakuwa na ubao wa kumtuma Baba akausome. Nikaendelea kupiga pasi, polepole, bila kelele.

"Busi iko," mkuu akasema mwishoni, kwa sauti ya chini. "Mazuti iko. Shofere iko. Balitupa amri, iende ku bale ba animation."

Hao ni wale wanafunzi waliocheza na kuimba sifa za Chama kila sikukuu, na kila mkubwa aliposhuka uwanja wa ndege kutoka Kinshasa. Busi iliwangoja nyuma ya jumba kubwa la chuo, ikawapeleka mazoezini, halafu ikawarudisha makwao.

"Inarudia wapi?" Baba akauliza.

"Makomeno."

"Saa ngapi?"

"Kumi na moja."

Baba akatoa pini zote mdomoni. "Sasa mutoto wangu anakatazwa juu ya nini?"

"Hacheze, Baba Fundi."

Baba alifikiri kwa muda mrefu kuliko anavyofikiri kabla ya kukata kitambaa cha bei.

"Atakaa mbele, karibu ya shofere," akasema. "Kucheza, hapana. Kuimba, ataimba polepole."

"Ainue mukono kidogo, bantu baone."

"Mukono moja."

Wakakubaliana, na mimi nyuma ya pazia sikuulizwa. Mteja alipoondoka nikatoka na hasira zangu. Nikamwambia Baba kwamba valvu si bomba, ni ubao tu wa kubandika karatasi.

"Ubao?" akashangaa. "Sasa juu ya nini banaita valvu?"

"Sijui, Baba."

"Weye unaulizaka hata jina la kuku aliyetaga yai. Hii haukuuliza?"

Akacheka mpaka akashika meza. Jumatatu nikaenda kumtafuta mtu mwingine wa kumsumbua. Nikamwomba mkuu wa biro abandike karatasi moja tu: kwamba makato yetu yanabeba watu wa animation, na busi inasubiri wapi.

"Nitaandika nini?" akasema. "Busi ya banafunzi inabeba banafunzi. Bale bachezaji si banafunzi?"

Walikuwa wanafunzi. Mmoja alikuwa darasani kwangu, na alinishinda alama.

Nikaona karatasi haitabandikwa, hata nikizeeka pale mlangoni. Lakini mdomo hauna kioo wala kufuli. Nilimwambia msichana mmoja wa sheria aliyekaa karibu na kwetu: nyuma ya jumba kubwa, inua mkono mmoja. Yeye akamwambia kaka yake. Kaka yake hakuwa mtu wa siri. Muda si muda wenye makato wakawa wanajaa mlangoni, na shofere, ambaye naye alikuwa na amri zake, akimwambia kila mmoja aimbe kwanza. Wakaimba. Watu wa sheria, watu wa jiolojia, na kijana mmoja wa Mitwaba aliyepanga chumba karibu na reli na ambaye hakujua hata kiitikio. Mkuu wa biro aliandikia wakubwa wake, kwa furaha, kwamba kikundi cha animation kimekua.

Mimi nilikaa mbele, karibu na shofere, mkono mmoja juu.

Mwisho wa mwezi ulifika, na Baba hakusema "tutaona." Alikuwa mlangoni, futi ya kupimia shingoni, akisikiliza busi ikikata kona ya barabara yetu na nyimbo ndani yake. Nikashuka. Akaitazama mpaka ikapotea, na uso wake una wasiwasi wa mtu aliyeona mshono umekwenda upande.

"Hiyo animation yenu," akasema, "banaimba mubaya sana."

"Banasoma sheria, Baba."

"Aa," akasema, akanipisha niingie.