Halwa Baina ya Kampuni Mbili

Kisa hiki hapa Muscat kishasimuliwa na kila mtu wa kwetu isipokuwa mimi, na kila anayesimulia anaongeza lake (dada yangu anasema nililia, sikulia), basi bora mukisikie kwa mwenyewe aliyeaibika.

Mdogo wangu Khalfan alikwenda kusoma Japani, akamaliza, akapata kazi, akapata na mchumba, binti wa hukohuko, keshasilimu, jina lake Haruka. Kilichobaki ni wazee kwenda kuposa. Baba yetu keshatangulia mbele ya haki, kwa hivyo mzee nikawa mimi. Nikasafiri na mama, na kanzu mpya, na kilemba, na udi, na bakuli kubwa la halwa tuliyopikiwa makusudi, kwa sababu mama alisema yeye haposi mikono mitupu.

Siku ya posa Khalfan akapiga simu hotelini asubuhi. "Kaka, musitoke. Nnakuja kukuchukueni."

"Uje wapi na wewe unangojewa huko ukweni? Nitajie kituo tu."

"Kituo chenyewe kina kampuni mbili, kaka. Watu wanachanganyikiwa."

"Khalfan," nikamwambia, "mimi kwetu Muscat nnaendesha gari kutoka Al Khoudh mpaka Hamriya kila siku saa ya foleni. Treni ina njia moja tu, itanipoteza wapi?"

Akaomba kuzungumza na mama. Akamweleza yeye, si mimi: mupande treni ya rangi ya chungwa, mushuke mwisho wa njia, pale watu wote wanaposhuka.

Sasa kituo chenyewe kiko hivi. Paa ni moja, lakini ndani yake mna kampuni mbili za treni, ya kijani huku na ya chungwa kule, kila moja ina reli zake na wafanyakazi wake na sare zake, na katikati pana safu ya vilango vya mashine, ukitoka kwa hawa kwenda kwa wale unagusisha kadi, kilango kinafunguka, unapita. (Sisi Muscat treni ya abiria hatuna, mambo ya vilango nimeyajua baadaye.) Mimi niliona mlango wa kwanza tu nikaingia, nao ulikuwa wa kijani. Na hapo mlangoni ndipo nilipoharibu, maana niligusisha kadi ya mama, kilango kikafunguka, na kwa kuwa mikono yangu ina bakuli nikaona taabu ya nini kugusisha na yangu, nikapita nyuma yake nimembana, nikidhani kadi moja inawatosha watu wa nyumba moja.

Ndani kila treni ya kijani. Mama ndiye aliyeona. "Nassor, ya chungwa si ile kule?"

Ilikuwa ng'ambo ya vile vilango vya katikati. Mama akachukua kadi yake, akagusisha, akapita kama aliyezaliwa pale. Mimi nikagusisha yangu, kilango kikatoa mlio, kikanifungia mapajani. Nikagusisha tena, mlio tena. Kwa hesabu ya mashine mimi sikuwa nimeingia kituoni, kwa hivyo haikuwa na namna ya kunitoa.

Nyuma yangu watu wakajipanga. Hakuna aliyeguna, na afadhali wangeguna. Nikaona nimpe mama bakuli juu ya kilango ili nishughulike na kadi. Mama kanyoosha mikono, mimi nimeachia, yeye hajashika.

Halwa ya kwetu munaijua, haimwagiki kama maji. Iliteremka taratibu, na zafarani yake na lozi zake, juu ya mashine, pale hasa pa kugusishia kadi, kisha ikashuka chini, nusu upande wa kijani, nusu upande wa chungwa.

Wakaja wafanyakazi wawili, mmoja kila upande, sare mbalimbali, glavu nyeupe. Wakaniinamia. Nikawainamia. Wakainamiana. Kisha kila mmoja akafuta upande wa kampuni yake mpaka kwenye mpaka, akasita hapo, glavu zimegandana. Ikabaki iliyokaa juu ya mashine yenyewe, ambayo kumbe haijulikani ni ya nani, wakaizungumza kwa adabu kubwa, na mimi nimesimama katikati na kanzu ya zafarani mpaka magotini, abiria ambaye hakuna kampuni iliyokuwa na habari kwamba yumo.

Nikageuka kumwambia mama atafute pa kukaa. Mama hayupo; kumbe kule kuinamiana alidhani ni kuagana, yamekwisha. Treni ya chungwa inafunga milango, na dirishani nnakiona kisogo chake, anaweka shela yake vizuri, akiamini mimi niko nyuma.

Mama hajui Kijapani, Kiingereza chake ni salamu, na simu yake nnayo mimi mfukoni. Nikampigia Khalfan.

"Mama kapotea," nikasema. "Kapanda treni peke yake."

"Ya rangi gani?"

"Ya chungwa."

"Basi hakupotea, kaka. Nnakwenda kumpokea. Wewe uko upande gani?"

Nikatazama chini. "Katikati," nikamwambia.

Mpaka nimetolewa pale, nikapandishwa ya chungwa, nikapokewa mwisho wa njia, nikafika ukweni na bakuli tupu, nikakuta watu wanakula. Mama akanitazama kanzu, akarudi kwenye sahani yake. "Niliona wazee wa watu wanangoja," akasema, "nikaposa mwenyewe, Khalfan akatafsiri. Wamekubali. Kaa ule."

Baba yake Haruka, mzee mwembamba mpole, akainuka akaniinamia, akamuuliza Khalfan kitu.

"Anasemaje?"

"Anauliza kama umeumia."

Nikaapa palepale, nikiambiwa nisubiri nichukuliwe, nitasubiri, hata kama nyumba nnayokwendea nnaiona kwa macho. Na jioni ileile nikaanza, maana mzee alikataa katakata turudi peke yetu. Tulipofika kwenye vilango akanishika mkono wa kanzu, akaichukua kadi yangu, akaigusisha mwenyewe, akangoja kilango kifunguke, ndipo akanipitisha, na watu wa kazini wanarudi makwao wanatutazama.

"Mshike vizuri, baba," mama akamwambia kwa Kiswahili.

Mzee hajui hata neno moja la Kiswahili. Akaitikia kwa kichwa, akakaza mkono.