Mwanamke Aliyetoa Maji

Kabla hujanicheka, njoo kwangu hapa Kamina siku ya mvua ukaone mwenyewe. Jambo hili sikusimuliwa. Lilinipata mimi, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu timamu.

Tulitoka Kinkondja na samaki wakavu, kwa mashua yenye tanga la mifuko ya unga iliyoshonwa. Bukama tukatia nanga kungojea treni, na treni yetu unaijua, hakuna ajuaye itafika lini. Basi mashua ikawa nyumba. Tanga likawa paa, tukalala juu ya magunia, tukapika kwenye mbabula moja, jiko letu la makaa. Nilikuwa na binti yangu mdogo, Mwamini, na Mama Ngoie, mchuuzi mwenzangu, na mwenye mashua, Papa Ilunga.

Na yule mwanamke. Kutwa alikaa nyuma kabisa, akichota maji yaliyovuja na kuyamwaga mtoni kwa bidoni, dumu la plastiki lililokatwa. Hakuomba chakula, hakulalamika. Nilidhani ni mke wa Papa Ilunga, na kusema kweli nilimhurumia, maana mzee hakumpa hata asante. Mwamini alimpenda sana.

Asubuhi moja Papa Ilunga aliziba nyufa zote kwa matambara na lami. Mashua ikakauka. Adhuhuri, wenzangu wakiwa sokoni, mwanamke akanijia mikono mitupu.

"Mama, unipatie mutoto, niende kumunawisha."

Nikampa. Wewe ungekataa? Mkiishi mashua moja, kila mama ni mama wa wote.

Wenzangu waliporudi, nikamtania Papa Ilunga kwamba mkewe anastahili kitenge kipya. Akashangaa.

"Bibi yangu iko Kinkondja. Ule si bwifi yako weye, muke ya kaka yako?"

"Hata minyi nilizania iko bwifi yake," akasema Mama Ngoie.

Tukageuka. Mwamini alikuwa mtoni, maji yamemfika kifuani, akitembea kuelekea kilindini. Mkono mmoja ameuinua, kama mtoto anayeshikwa na mkubwa. Kando yake hapakuwa na mtu.

Papa Ilunga akajitosa, lakini kila alipokaribia, mtoto alizidi kusogea. Niamini, nilihisi namkosa mwanangu. Sijui wazo lile lilitoka wapi. Nilinyakua bidoni, nikaanza kuchota mto na kuumwaga ndani ya mashua, juu ya samaki wangu wote, huku nikimwita yule mwanamke aje ayatoe.

"Mama! Maji imeingia mu bwato! Kuya utoshe!"

Mkono wa Mwamini ukashuka. Akasimama, akaanza kulia, na Papa Ilunga akamdaka. Wakati huohuo kitu kikaichukua bidoni mkononi mwangu, taratibu, kama mtu anayekupokea mzigo. Nyuma yangu nikasikia maji yakimwagwa mtoni. Sikugeuka. Nilishuka nikamkumbatia mwanangu, na samaki nikawaacha waoze.

Sasa Mwamini ni mzima, anasoma. Ila paa langu linavuja kwenye kona moja, na mvua ikinyesha usiku naweka beseni. Asubuhi nalikuta tupu, tena limepanguswa.

Nawe ukilala kwenye mashua, muulize kila mtu amekuja na nani. Ukimkuta mmoja anatoa maji na hakuna anayemjua, usizibe nyufa, mwachie kazi yake. Fundi wa mabati amenibembeleza mara nyingi nimpe ile kona aizibe. Namkatalia, maana Mwamini bado analala humu ndani.