Tundu la Alhamisi

Walimu wenzake walimwita Kiraka, naye akalipokea jina hilo kama sifa, masikini. Ndiye aliyepanga ratiba ya shule, na kila palipokosekana mwalimu alijiandika mwenyewe, kwanza kwa penseli, kisha kwa wino. Waraka uliobandikwa ofisini ulisema vipindi visizidi ishirini na nane kwa wiki. Yeye alikuwa navyo thelathini na tisa, achilia mbali zamu, achilia mbali madaftari ya kusahihisha, ambayo hayaulizi kama mtu ana mgonjwa nyumbani.

Na mgonjwa alikuwepo. Kiharusi kilimwachia baba yake mkono wa kulia usioweza kufunga hata kifungo. Mtaalamu wa mazoezi alimpokea Alhamisi tu, saa nane mchana, na alishasema bila kuzunguka kwamba mkono ukikosa mazoezi miezi miwili mingine, utakakamaa hivyo hivyo. Mdogo wake Kiraka ndiye aliyekuwa akimpeleka, hadi alipopata kazi ya mbali. Alhamisi tatu zikapita mzee amekaa kitandani na viatu miguuni, anasubiri.

Basi muhula mpya ulipokaribia, Kiraka aliapa kwamba Alhamisi mchana ni yake. Alitandaza karatasi kubwa juu ya meza ya walimu, na kabla hajachonga penseli wenzake wakaanza kumiminika. Wa jiografia hataki kipindi cha kwanza, gari lake haliwaki asubuhi. Wa historia ana masomo yake ya jioni. Wa michezo, mtu mzima na kipara chake, alidai hawezi kufundisha baada ya chakula kwa sababu usingizi humwonea. Kiraka akacheka, akapanga, akafuta. Akainuka kunywa maji, akakaa, akainuka tena kutazama saa aliyoitazama sasa hivi. Kila alivyozungusha majina, kidato cha pili kilibaki na vipindi viwili vya hisabati, Alhamisi saa nane, bila mtu. Mwalimu wao alihamishwa miaka minne iliyopita, na tangu hapo ni yeye.

Mkono ukaanza kuandika jina lake, kwa mazoea tu. Akalifuta mpaka karatasi ikachubuka.

Mwalimu mkuu, mama mpole asiyependa karatasi zenye kasoro, aliipitishia kidole ratiba, akakwama kwenye Alhamisi.

"Mwalimu, hapa umesahau."

"Sijasahau, mama."

Mkuu akamkumbusha kuwa ratiba inakwenda wilayani, na haijawahi kwenda na tundu hata moja. Hapo Kiraka akashtuka, kisha akaona hasira inampanda. Miaka minne wameomba mwalimu wa hisabati, miaka minne wamejibiwa kwamba shule yao haina upungufu. Kumbe mchawi wake ni yeye mwenyewe na penseli yake.

"Watauonaje upungufu, mama, na mimi nimeukalia?"

Mkuu hakuahidi kitu. Aligonga muhuri, akaitia ratiba kwenye bahasha na tundu lake.

Alhamisi ya kwanza ilimkuta Kiraka kwenye benchi la kliniki. Baba yake, aliyefundisha miaka thelathini na sita kwenye shule za namna hiyo hiyo, alikuwa akihangaika kufinya mpira laini, jasho likimtoka. Kidole cha shahada kikajikunja kidogo, mara ya kwanza tangu augue. Kiraka alifurahi, kweli alifurahi, lakini jicho lilikuwa kwenye saa ya ukutani: saa nane na robo, watoto hamsini na wanane, na ubao mtupu.

Mzee akaliona jicho hilo.

"Darasani yuko nani?" aliuliza, ulimi mzito.

"Hakuna mtu, baba."

Mzee akaacha kufinya. Mpira ukaanguka, ukabingiria chini ya benchi. Kiraka akapiga magoti, akauokota, akaurudisha kiganjani mwa mzee, akavifunga vile vidole kimoja kimoja.

"Finya, baba," alisema. "Kipindi hakijaisha."