Lombe, Mulinzi wa Nyumba ya Mulopwe

Siku hizi ukipita centre-ville, nyuma ya mabanki, utaona mabati ya bluu na musentineli moja mwenye kusinzia amesimama. Umuulize pale palikuwa nini, atakuambia hapakuwa kintu, ni majani tu. Mudomo yake ioze. Pale palikuwa nyumba ya mulopwe, mufalme wetu siye bantu ba kaskazini, na mi niliingia mule na hii miguu yangu.

Mulopwe aliijenga juu alichoka kulala kwa bandugu kila mara akikuya mujini. Bantu betu ba mugodi na ba shemidefere, bale ba gari la moshi, kila moja alileta matafari. Bwana yangu alibeba mia tatu ku kichwa, safari moja. Kama hamutaki kuamini, muache, lakini shingo yake ilibakia fupi mpaka siku tulimuzika. Vyumba vilikuwa makumi mbili, na kimoja tena chenye kilikuwa kinajificha bageni bakiwa bengi.

Mulinzi alikuwa Lombe. Aliingia pale kijana wa ndevu mbili, akatoka na kichwa nyeupe. Sakafu ya salon aliisugua na sire nyekundu, mafuta ya kungarisha, mpaka inzi ikitua inateleza, inavunjika mukongo. Siku moja mulopwe alimuita, akamuambia: hii nyumba, wewe njo utaipatia mwenye atakalia kiti nyuma yangu, na mukono yako, hapana ya mwingine. Lombe akapiga magoti, akaapa. Tangu pale hakuwa na shauri lingine. Bibi yake mwenyewe alimukimbia juu ya ile nyumba.

Sasa nibaeleze desturi, juu bila ile hamutaelewa ujinga wetu. Kwetu mulopwe hafe. Anaenda safari. Mpaka mupya akalie kiti, hakuna mwenye kusema alikufa, hakuna mwenye kutaja jina yake. Muntu wa ukoo akisema wa kwanza, kile kiti hatakikalia hata siku moja, lakini bengine bote midomo inafunguka. Wetu alienda ile safari, na kiti ikabakia miaka sita bila muntu, juu matumbo mawili ya ukoo yalikuwa yanapigana. Vital, mwipwa wa mulopwe, njo alikuwa anakitaka sana. Kila mwezi alikuya kumukumbusha Lombe: muzee, mudomo ifungwe.

Mu mwaka wa sita bantu ba biro ya viwanja balikuya na makaratasi, bakauliza mwenye nyumba iko wapi. Lombe akajibu iko safari. Bakarudia, iko safari. Mara ya tatu bakaomba numero ya telefone yake. Lombe akakimbilia kwangu, mutaa wa Hewa Bora, aniulize ajibu nini, na mi na huu mudomo yangu nikamufundisha aseme kule alienda hakuna réseau, telefone haipite. Tulicheka mpaka machozi. Kile kicheko kinanikasirisha mpaka leo. Juu bale ba biro hawakucheka. Baliandika: nyumba ya kuachwa, mwenyewe haonekane, bandugu bajitokeze.

Karatasi ikabandikwa ku mulango. Lombe hajui kusoma, mi sijui, tukaona ni ya bantu ba umeme. Juma tatu zikapita mbele mujukuu wangu Keren aisome. Tukaenda biro mbio, siye babili bazee. Mama wa pale, Delphine, alimukalisha Lombe na heshima. Lombe akaanza: mwenyewe iko safari, tunaomba mungojee.

"Papa, safari gani?" Delphine akamuuliza. "Mwipwa yake alikuya juma iliyopita. Alisema alikufa, yeye njo muriti. Alikubali ivunjwe, bajenge gorofa. Kama mungetuambia mbele kuko na bengine, tungebaita bote."

"Vital alisema alikufa? Na mudomo yake?"

"Na mudomo, na kalamu."

Mi nilisema mengi, na sitayarudilia, juu yule mama hakuwa na kosa.

Asubuhi ya kuvunja, bazee ba ukoo balikuya, Vital mbele yao na koti ya bei. Alikuwa amebaambia ni serikali njo inavunja, yeye pia analia. Mashini ilikuwa inanguruma inangojea. Lombe akaenda kusimama mbele yake, akatoa kofia.

"Mwipwa wa mulopwe, mulopwe iko wapi?"

Vital akaangalia bazee. Bazee bakamuangalia.

"Iko safari," akajibu.

Lombe akageukia shofere. "Umesikia, mutoto wangu. Mwenyewe iko safari. Zima."

Shofere akazima, na mi nilimusikia anacheka. Vital akatoka jasho, akasogea karibu ya shofere, akamunongoneza, shofere akasema hasikie. Akanongona tena. Shofere akasema baba, sema kwa nguvu, ni yako ao haiko yako?

"Alikufa!" Vital akapiga kelele. "Alikufa, ni yangu, vunja!"

Bazee bakafunika vichwa, bakaondoka moja moja, hawakumuangalia tena. Kiti akakikosa pale pale. Lakini mashini haijui desturi. Siku tatu ilikohoa mu ile ukuta, meno yake mane yakabakia mule, na mwisho nyumba ikaanguka. Vital ako na udongo. Akule ule udongo.

Lombe nilimuleta kwangu. Bantu banasema angefurahi, alimunasa mushenzi. Afurahi nini? Siku kiti kitapata muntu, atamupatia nini na ule mukono wake? Jioni ile alikaa ku kiti changu cha plastiki. Sasa ilikuwa imeisha kusemwa, mudomo wake ulikuwa huru. Akasema jina ya mulopwe, polepole, kama muntu mwenye kuita mu giza:

"Kibelwa."

Nikamuuliza nilete bukari akule. Akasema, mama, acha nilie kwanza, ni miaka sita.