Mama Hakupiga Magoti

Mama yangu mzazi alinikatiza jukwaani mbele ya ukumbi mzima. Na hakunong'ona.

"Wewe! Inuka hapo! Mimi sikupiga magoti!"

Ngojeni niwaeleze.

Mchana nasuka nywele saluni. Jioni niko na kikundi cha maigizo. Hatubuni kitu: tunawarekodi walionusurika vita, kisha tunaigiza maneno yao yaleyale, ili watu watue mzigo.

Mama alikataa katakata kurekodiwa. Tangu vita viishe alikuwa analala na viatu miguuni. Ukimuuliza, anakujibu, "Yaliyopita si ndwele." Mazungumzo yameisha.

Basi kisa chetu tukakichukua kwa mjomba, kaka yake, tuliyekimbia naye. Alisema kwenye kizuizi cha wanajeshi mama alipiga magoti akalia, mimi nikiwa mgongoni, ndipo tukaachiwa. Nimekua nikisikia hivyo. Nafasi ya mama nikaigiza mimi, nikamwalika mwenyewe aje aone, nikimwomba Mungu afunguke.

Eh, alifunguka!

Mwongozaji wetu akawasha taa. "Karibu jukwaani, mama. Tuoneshe ilivyokuwa."

Mjomba, aliyekaa kando yake, akamvuta mkono. "Dada, kaa. Watu wanatutazama."

"Waache watazame. Macho hayana pazia."

Akapanda. Akasimama uso kwa uso na "askari" wetu, fundi bomba mmoja mrefu mwenye bunduki ya mbao.

"Nilimwambia hivi: mtoto ana homa. Kama ni kupiga, piga. Lakini mimi napita."

Fundi bomba maneno yote yakamtoka kichwani. Akapisha. Haki ya Mungu, alipisha!

Mimi bado niko chini, magoti yananiuma. "Sasa mama, nani alipiga magoti?"

Mama akatazama pembeni.

Kule kwenye viti mjomba akainuka.

"Ni mimi. Nilimshika yule askari miguu nikalia. Dada hakunisema hata siku moja. Mimi nikaichukua aibu yangu nikamvisha yeye."

Hasira zilinipanda, sitawaficha. Miaka yote hiyo! Kumbe mama alinyamaza ili kumsitiri kaka yake.

Lakini mama alikuwa amekwisha kumnyooshea mkono.

"Njoo hapa, kaka. Ulikuwa unatuombea uhai. Aibu ni ya yule mwenye bunduki, si yako. Njoo usimame na mimi."

Wakasimama wote wawili, wanalia, vichwa juu. Nikainuka nikasimama nao.

Tulipofika nyumbani, mama alivua viatu mlangoni. Akaenda kulala peku.

Siku hizi nafasi ile anaigiza mwenyewe, na mjomba yuko pale miguuni pa fundi bomba, kwa hiari yake. Mimi nimeshushwa cheo, navuta pazia.

Vita vilituchukulia mengi, ndugu zangu. Namna tulivyosimama hatuviachii. Ukitaka kusimulia mateso ya mtu, kamuulize mwenyewe kwanza. Na kama bado yuko kimya, mngojee.