Bomba Lililo Ndani ya Simu

Hapa mjini Baraka, kando ya ziwa, nilimsikia mtafiti wa shirika moja akimhoji mama aliyetoka ziwani na bidoni ya maji kichwani.

«Mama, maji munatoaka wapi?»

Mama akaelekeza mdomo ziwani. «Kule.»

Mtafiti akapekua orodha ya majibu kwenye simu. «Ziwa haiko mu majibu. Na bila kujibu, simu haitaendelea na swali lingine.» Akabonyeza «bomba».

Ziwa lote hilo, linalotuletea kolera, kile kipindupindu, na aliyetunga maswali hakuliona.

Wiki hii tukaitwa kuonyeshwa matokeo ukutani: duara zima la buluu, yaani sote tunakunywa maji ya bomba. Mkubwa wao akatangaza kwamba hapa hakuna shida, mradi wa maji uliokuwa uletwe kwetu unahamishiwa kwingine.

Yule mama alikuwa nyuma, bidoni miguuni. Akanyoosha mkono polepole.

«Basi mubonyeze na kolera imeisha, tutapona wote.»